Nani Amekusagia Wimbi?

Shamba la Chai la Kipkoris, Kericho
Jumapili, 4 Machi 1934

Mama Bonareri, mke wangu,

Nimekaa mlangoni, mvua imekatika sasa hivi, na kabla mwanga haujaisha nataka nikuandikie. Mafua ya mwezi uliopita yamepona.

Umeniuliza ninaishije hapa peke yangu, na kama nimekonda. Sijakonda. Kazi ni ile ile ya mizani: wachumaji wanaleta vikapu, napima majani, naandika, jioni narudi. Karani halazwi chumba kimoja na watu kumi kama wachumaji. Nina nyumba yangu, chumba kimoja cha mabati, mlango mbele na dirisha nyuma. Kiti nimetengeneza kwa sanduku la chai lililovunjika. Nikifika nachemsha maji, naloweka miguu kwenye karai, halafu nakunywa chai ya vumbi, lile linalofagiwa chini ya mashine za kiwanda. Natia maziwa ya jirani Mkipsigis. Nakunywa polepole na hakuna anayeniita. Mvua ikipiga mabati sisikii hata mtu akipita njiani akiimba, na mimi nacheka peke yangu kama mjinga.

Jumapili nikitoka maombi nafua, nafagia, nashona vifungo. Leo nimekula ugali wa wimbi. Wimbi hasa, Mama Bonareri, limesagwa laini, halina hata chembe ya mchanga, pamoja na mboga yetu ya chinsaga iliyopikwa na maziwa mpaka uchungu ukaisha. Tangu nitoke nyumbani sijala mboga wala ugali ukanifikia moyoni namna hiyo.

Kuhusu kuja kwako, Bwana mwenye shamba bado hataki wanawake kambini. Nimemuuliza tena juzi. Tuvumilie kidogo. Wasalimie Bonareri na Nyaberi, na mama yangu.

Mumeo,
Momanyi


Ng'ambo ya Chepilat
20 Machi 1934

Baba Bonareri,

Barua yako imeletwa na Kebaso, yule anayepeleka kuku Kericho. Niliisoma mara ya kwanza nikafurahi. Niliisoma mara ya pili nikaacha kufurahi.

Ninyi hapo mnapewa posho ya mahindi. Umeniambia mwenyewe, kila wiki unga mweupe, mpaka umeuchoka. Sasa hilo wimbi limetoka wapi, na nani amekusagia? Wimbi halijisagi. Mimi nasaga kila siku, mabega yangu yanajua. Ili lisiwe na chembe ya mchanga mtu alipepete, alichambue, alioshe, alianike, kisha apige magoti kwenye jiwe alirudie mara mbili. Hiyo si kazi ya mtu anayepita njia. Ni kazi ya mwanamke anayekupenda, au anayetaka kitu kwako.

Halafu kuna jambo lingine. Kebaso alipata kiu akaomba maji kwa karani mwenzako Okeyo, yule Mjaluo. Aliyempa maji ni mke wa Okeyo. Anaitwa Wilkista, anaishi humo kambini na watoto wao, na amepanda sukumawiki mbele ya mlango. Bwana aliyemkubali Wilkista ni mwingine, au ni huyo huyo anayenikataa mimi?

Mama yako ni mzima, anakohoa asubuhi tu. Nyaberi meno yake ya mbele yaliyong'oka yameota tena. Mimi nataka unijibu haya mawili, wimbi na Wilkista. Mengine yatangoja.

Bilhah


Kipkoris
Jumapili ya Pasaka, 1 Aprili 1934

Mama Bonareri,

Kumbe mtu akiandika kwamba ameshiba ni kosa. Ningejua ningekuandikia habari za matope.

Wimbi nilinunua likiwa tayari limesagwa, sokoni Kericho, kwa mama mmoja mzee. Ni mzee sana, hana meno. Sijui hata jina lake. Na huyo Wilkista alipewa ruhusa kwa sababu Okeyo alikuwa anaugua tumbo, akahitaji mtu wa kumwangalia. Ni mambo ya muda. Kebaso auze kuku wake aache nyumba za watu.

Hapa mvua ni nyingi, majani yanaota kuliko mikono ya kuyachuma. Sina mengine. Nakuomba utulie.

Momanyi


Kericho, stendi ya malori
Jumatatu, 30 Aprili 1934

Dada yangu Bilhah,

Ni mimi kaka yako Gekara. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ngozi zangu za kuuza, lori linaenda Kisumu saa hii na sitarudi nyumbani kabla ya wiki mbili. Barua nampa Kebaso. Ulinituma nipite kwa shemeji bila kumpa habari. Nimepita jana.

Ilikuwa Jumapili mchana, jua limewaka, kambi nzima watu wako nje wanasukana nywele, wanacheza bao. Nyumba ya shemeji peke yake ndiyo imefungwa mlango. Nikakaribia. Dada, nikasikia jiwe. Mimi si mtoto, nimelelewa na sauti hiyo, naijua kama najua sauti ya mama yetu. Mtu alikuwa ndani anasaga wimbi. Lilikuwa linakwenda vizuri, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mkono wa mtu aliyezoea.

Nikapiga hodi. Jiwe likanyamaza.

"Nani?"

"Ni mimi Gekara, ndugu ya mke wako."

"Ngoja kidogo shemeji, navaa!"

Akaningojesha mpaka nikahesabu kuku wote wa jirani. Ndani nikasikia kitu kizito kinaburutwa. Alipofungua alikuwa amelowa jasho, anahema, na unga, dada, unga wa wimbi mikononi mpaka kifuani. Sasa wewe niambie, mwanamke aliyekuwa anasaga akikumbatiwa kwa haraka, unga unabaki kwa nani?

Nikamwambia, "Shemeji, nimesikia mtu anasaga."

"Hakuna mtu, niko peke yangu."

"Na huo unga?"

"Ni chokaa. Nilikuwa napaka ukuta."

Chokaa ya kahawia! Nikaangalia dirisha la nyuma, liko wazi. Mwanamke mwembamba anapita. Ndani kumefagiwa, sufuria inang'aa, nguo zimekunjwa. Hiyo si nyumba ya mwanamume anayeishi peke yake. Alinipa chai, nikainywa nimesimama.

Nimeona nikuambie kweli yote. Nikirudi nitakwenda mbele ya wazee wa kanisa, kwa sababu yeye alikuoa kanisani na akaapa mke mmoja. Anza kukusanya vitu vyako.

Kaka yako,
Gekara


Ng'ambo ya Chepilat
7 Mei 1934

Momanyi,

Gekara amesikia jiwe nyumbani kwako. Sitaki kusikia chokaa.

Miaka mitatu nimelala na mama yako nyumba moja, nampikia, namkanda miguu, nikijua mume wangu anateseka peke yake kwa wageni. Nikila nyama nilikuwa naona aibu kwa sababu yako. Kumbe wewe una mtu wa kukusagia, na humuiti hata mke wako kwa sababu kitanda kimejaa.

Mzee Atuti wa kanisa ameshapata habari kupitia Kebaso. Kikao ni Jumapili tarehe 10 Juni. Wakiona ni kweli watakutoa kanisani, na Gekara atanichukua anirudishe kwa baba. Unajua maana yake. Mimi nitaondoka, watoto watabaki, kwa sababu ni wa kwenu. Mama yako ameanza kumlaza Bonareri upande wake. 

Kama yupo, sema yupo. Kama ana mimba, sema. Ninachoogopa kuliko vyote ni kukaa hivi nikikisia.

Bilhah


Kipkoris
13 Mei 1934

Mke wangu Bilhah,

Naapa mbele ya Mungu, hakuna mwanamke. Hajawahi kuwepo. Hakuna hata mmoja aliyelala humu wala aliyeingia humu, ila Wilkista siku moja alipoleta samaki, akasimama mlangoni.

Sauti aliyoisikia Gekara ni mashine ya kiwanda. Kiwanda kiko karibu, na mashine ya kusokota majani inafanana sana na jiwe, hata wenyeji hukosea. Nakuomba umwambie mzee Atuti hivyo, wafute hicho kikao.

Usimwache Bonareri alale upande wa mama. Nakuomba hilo tu.

Momanyi


Ng'ambo ya Chepilat
20 Mei 1934

Momanyi,

Nimemuuliza Kebaso. Kiwanda hakifanyi kazi Jumapili.

Nimefunga kikapu changu. Nimeweka kitenge, sufuria ya mama yangu na Biblia. Nguo za watoto sikuweka, kisha nikaziweka, kisha nikazitoa tena. Nyaberi amenikuta nikifanya hivyo akaniuliza tunaenda wapi.

Umebaki na barua moja. Itumie vizuri.

Bilhah


Kipkoris
Jumapili, 27 Mei 1934

Bilhah,

Nimeanza barua hii mara nne. Sasa naiandika yote bila kusimama, kwa sababu nikisimama nitadanganya tena.

Anayesaga ni mimi.

Hakuna mashine, hakuna mama asiye na meno. Gekara alisikia mkono wangu. Kitu nilichoburuta ni jiwe, nililisukuma chini ya kitanda. Unga ulikuwa wangu, nilipiga magoti nikasaga mwenyewe. Chinsaga nilipika mwenyewe. Mwanamume mzima, karani, baba wa watoto wawili, nikachutama kwenye mafiga kama msichana. Wewe unajua kwetu jambo hilo linaitwaje. Mwanamume akikosa mke karibu anakwenda kula kwa mama yake, au kwa mke wa ndugu yake, au analala njaa. Hashiki jiwe. Akionekana na mwanamke wa nje watu watamsema mwezi mmoja. Akionekana anasaga, atasemwa mpaka wajukuu wake. Ndiyo maana nilimwacha Gekara aamini alichoamini. Niliona bora niitwe mzinzi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nakula kwa Okeyo na Wilkista. Ni watu wema, lakini kila jioni nilikuwa mgeni, nasubiri kuambiwa karibu, nasikiliza wakigombana na kujifanya sisikii. Siku moja niliteremka mtoni nikakuta jiwe la kusagia limelala kwenye majani, na lile dogo la mkononi kando yake. Nafikiri ni la mama fulani wa Kipsigis aliyehama ardhi ilipopimwa iwe ya chai. Lina shimo katikati, limelainishwa na mikono ya miaka mingi. Nililibeba nimelifunika na koti. Mara ya kwanza vidole vilichubuka. Lakini mikono ilijua, Bilhah. Kumbe utoto wangu wote nilikuwa namwangalia mama.

Sasa kuna lingine, na hili ndilo baya. Bwana hajanikataza kukuita. Sijamuuliza hata siku moja.

Nilizaliwa nikalala na ndugu sita chini ya ngozi moja. Nikaenda bweni la misheni, tukalala thelathini. Nikakuoa, tukakaa kwa mama. Sikuwahi kuwa na mlango wangu mpaka nilipokuja hapa. Jioni ya kwanza niliufunga nikakaa tu, sikuwasha hata taa. Nikasema nitamwita mke wangu mwezi ujao. Mwezi ukaja, nikasema nimalize kwanza kutengeneza kiti. Ukawa mwaka, imekuwa mitatu. Si kwamba sikupendi. Nakupenda, na nikiandika jina lako juu ya bahasha moyo unapiga. Ila nilipenda pia kula nikiwa sitazamwi na mtu, na sikujua nitakwambiaje hilo usifikiri kuna mtu mwingine.

Waambie wazee ukweli huu ukitaka. Nimeshaogopa vya kutosha. Watoto wasitenganishwe na wewe.

Momanyi


Ng'ambo ya Chepilat
11 Juni 1934

Momanyi,

Barua yako ilifika Alhamisi, siku tatu kabla ya kikao. Nilikwenda kuisoma shambani, katikati ya wimbi lenyewe, mtu asinione uso.

Mwanzo nilicheka. Nakwambia kweli, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mume wangu amepiga magoti na unga kifuani, na kaka yangu yuko nje anatafuta mwanamke dirishani. Halafu nikafika pale ulipoandika kwamba hukumuuliza Bwana. Hapo kicheko kiliisha, na sijacheka tena mpaka leo.

Miezi hii yote nilikuwa nagombana na mwanamke kichwani. Nilimpa sura, nilimpa sauti. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia nikimkuta, na mahali pa kumshika. Sasa unaniambia hayupo. Basi nimfukuze nani? Karai? Sanduku la chai? Mwanamke ningemshinda, mimi si mvivu na si mbaya wa sura. Lakini wewe hukunibadilisha na mtu. Ulinilinganisha na kukosa mtu, ukaona kukosa mtu ni afadhali. Hilo limenikata, Momanyi. Limenikata kabisa.

Jana wazee wakaniita. Gekara alisimama akasema aliyoyasikia, na jinsi anavyojua kusimulia, alionyesha mpaka mkono unavyokwenda. Mzee Atuti akanigeukia. "Mama, wewe umepata barua ya mumeo. Huyo mwanamke yuko au hayuko?"

Nikawatazama wote. Nikaona nikisema ukweli watacheka mpaka machozi, na kabla jua halijatua kila boma litajua. Nikawaza Nyaberi yuko mtoni na wenzake wanamwita mtoto wa baba anayesaga. Nikasema, "Alikuwepo. Amemfukuza. Mimi nimemsamehe."

Wakauliza jina. Nikasema silijui, ni mtu wa mbali. Wakaomba muda mrefu. Umezuiwa meza ya Bwana kanisani miezi sita, na utaandika barua ya kutubu. Gekara hakufurahi lakini amekubali nibaki. Kikapu nimekifungua. Bonareri amelala upande wangu.

Jina lako liko salama. Langu ndilo limeharibika. Sasa mtoni wanawake wananiachia nafasi niteke maji kwanza, kama mgonjwa.  Bibi mmoja amenishika mkono akaniambia na yeye wa kwake alifanya hivyo hivyo, nikalazimika kumshukuru. Wananihurumia kwa ajili ya mwanamke ambaye nimemtunga mwenyewe, na kinachoniuma hasa siwezi kumwambia yeyote.

Usinishukuru. Usiniite pia. Ukiniita sasa nitajua ni woga unaoniita. Kaa na mlango wako.

Bilhah


Kipkoris
Jumapili, 8 Julai 1934

Bilhah,

Nimekaa na barua yako karibu mwezi mzima.

Ningependa kukuandikia kwamba tangu ile siku chai imekuwa chungu na nyumba imekuwa baridi. Si kweli, na nimechoka na uongo. Chai ni tamu vile vile. Mvua ikipiga mabati bado nafurahi. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba ningeweza kuendelea hivi mpaka uzee, nimeshiba, nimetulia, na wewe uko huko unateka maji kwanza.

Barua ya kutubu sikuiandika. Siwezi kutubu kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo. Badala yake Jumapili iliyopita, mchana, watu wote wakiwa nje, nililivuta jiwe kutoka chini ya kitanda nikaliweka mbele ya mlango. Nikatandika ngozi, nikapiga magoti, nikasaga.

Wa kwanza kuniona ni Okeyo. Alisimama na kiko chake mdomoni. "Karani, nani amekuroga?" Nikamwambia hakuna. "Basi ingia ndani, watu wanakuja!" Nikamwambia waje. Wakaja, Bilhah, walikuja hata wa kambi ya pili. Wilkista alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Halafu akaja karibu, akanitazama mkono, akasema, "Wewe unakandamiza sana, ndiyo maana unachoka. Legeza." Nikalegeza. Alikuwa amesema kweli.

Tangu siku hiyo naitwa Bibi Karani. Wachumaji wakifika mizani wanasema, "Bibi Karani, tupimie vizuri, halafu utupikie." Mnyapara mmoja hataki tena kukaa nami benchi moja. Masikio yangu yanawaka kutwa. Sikujua aibu inachosha mwili hivi.

Nimemwandikia mzee Atuti, na Gekara pia, barua mbili, Kebaso anazo pamoja na hii. Nimewaambia hakukuwa na mwanamke, aliyesaga ni mimi, na mke wangu alisema uongo ili kuniokoa nisichekwe. Nimewaomba wasome mbele ya watu. Samahani kwa Nyaberi. Nilimfikiria yeye kabla ya kutia bahasha gundi, nikaona bora awe na baba anayechekwa kuliko mama anayehurumiwa bure.

Jumatatu nilikwenda kwa Bwana. Nikamwambia nataka nyumba ya karani mwenye familia, ile ya mwisho wa mstari yenye vyumba viwili. Akanishangaa. "Kwa nini wewe hapana sema mbele? Nyumba iko tupu mwaka mzima."  Nimeandika majina yenu kwenye karatasi yake kwa mkono wangu.

Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa mtu mwingine. Nitanuna. Nitatafuta kona. Watoto wakipiga kelele nitatoka nje. Woga wangu umeshamaliza kazi yake, kwa sababu nilichokuwa naogopa kimeshatokea, na sasa nakuita nikiwa sina kitu cha kuficha. Njoo, Bilhah. Ukikataa nitaelewa, na nitakuja mimi kila mwisho wa mwezi kwa miguu.

Momanyi


Ng'ambo ya Chepilat
22 Julai 1934

Baba Bonareri,

Mzee Atuti amesoma barua yako mbele ya kanisa. Alijaribu kuisoma kwa sauti ya huzuni. Alipofika kwenye unga akashindwa, akampa mwenzake barua, akatoka nje. Gekara alikaa amefunika uso, kisha akaanza kutikisika mabega, na aliponijia baadaye aliniambia, "Dada, basi mimi nilikunywa chai ya mtu aliyesaga mwenyewe, nikakataa hata kiti chake!" Adhabu yako imefutwa. Yangu imekuja, wiki tatu bila meza ya Bwana, kwa kudanganya wazee. Nimeipokea.

 Siku ya tatu, nikiwa nasaga, mama yako alikuja akakaa karibu nami akasema ulipokuwa mdogo ulikuwa ukikaa hapo hapo, hufukuziki. 

Nyaberi alipigana na wavulana wawili, akarudi shati limechanika. Akaniuliza kama ni kweli baba anasaga. Nikamwambia ni kweli.  Akauliza kama ugali wake ni mtamu.

Mtoni hawaniachii tena nafasi. Wananisukuma, wananitania, wananiuliza kama mume wangu anaweza kuazimwa siku za mavuno. Jana niliteka wa nne, nikarudi na mtungi wangu nikiwa mwepesi, siwezi kukueleza.

Tunakuja Ijumaa, tarehe 3 Agosti, kwa lori la Mhindi kutoka Chepilat. Watatu. Mama amekubali kukaa na mke wa ndugu yako.

Usifikiri hasira imeisha. Nitakuja nayo. Umesema kweli kwamba unapenda kukaa peke yako, na kweli hiyo haifutiki eti kwa sababu umechekwa na wachumaji. Kwa hiyo nimepanga hivi. Kila Jumapili baada ya maombi nitawachukua watoto tuende kwa huyo Wilkista, tukae mpaka jua lipungue, nyumba iwe yako na mlango wako ufunge. Usiniulize kama naumia nikitoka. Nitaumia. Lakini nitatoka, na jioni nitarudi, Jumapili hii na Jumapili nyingine na nyingine, mpaka siku nitakayokukuta umesimama njiani unatazama kwa nini nimechelewa.

Mkeo,
Bilhah Nyambeki